Unataka Kutembea Congo? Kwanza Jua ni Congo Gani

Cheki hii. Kutoka Nairobi hadi Goma ni kama kilomita 850 hewani. Kutoka Goma hadi Kinshasa, mji mkuu wao wenyewe, ni zaidi ya 1,500. Yaani msee wa Goma ako karibu na sisi kuliko na rais wake, na hata saa zao hazilingani. DRC ina kilomita mraba milioni 2.3, karibu Kenya nne. Kwa hivyo mtu akikushow ati ametembea Congo, muulize ni gani.

Mashariki ndio utajiskia home, juu Kiswahili ndio lugha ya mtaa kuanzia Goma hadi Lubumbashi huko chini. Wanakichanganya na Kifaransa vile sisi tunachanganya na Kizungu. Huku ndio kuna mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, pamoja na gorila wa milimani na Nyiragongo, volkeno iliyomwaga moto hadi katikati ya Goma mwaka wa 2002. Lakini tuambiane ukweli: M23 waliteka Goma Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Mlima hauhami. Hiyo side iache kwanza.

Ukitua Kinshasa, Kiswahili chako kinakwama; huko ni Lingala na Kifaransa. Mji uko kando ya Mto Congo, mto unaokata ikweta mara mbili na wenye kina cha zaidi ya mita 220. Ukisimama ukingoni unaona Brazzaville ng'ambo, mji mkuu wa nchi nyingine kabisa. Nje kidogo ya Kinshasa kuna Lola ya Bonobo, wanakolelewa bonobo mayatima. Huyo mnyama hayuko porini nchi nyingine yoyote.

Usiku sasa. Rumba iliingia orodha ya urithi ya UNESCO 2021, na sisi tunaijua kitambo: Samba Mapangala na Orchestra Virunga waliichezea hapa Nairobi. Wasee wa luku wanaitwa sapeur, na suti kwao si mchezo. Kula pondu, yaani majani ya muhogo, na samaki wa liboke aliyefungwa kwa majani akachomwa.

Historia yao ni nzito, usiichukulie poa. Kuanzia 1885 hadi 1908 nchi yote ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na watu walikatwa mikono kwa sababu ya mpira. Uhuru ulikuja 30 Juni 1960. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, mwili ukayeyushwa kwa asidi. Kilichobaki ni jino moja. Ubelgiji ililirudisha 2022, miaka 61 baadaye, likazikwa Kinshasa.

Kabla ulipe tiketi, dungwa chanjo ya homa ya manjano, juu kadi yake inaitishwa ukiingia. Na beba Kifaransa kidogo. "Bonjour" pekee haiwezi kukupatanisha bei na dereva wa teksi wa Kinshasa.