Kiti cha Mwanagenzi: Historia ya Mpangilio wa Ofisi na Nafasi ya Kujifunza Kazini

Utangulizi

Mijadala kuhusu mafunzo kwa vitendo katika Afrika Mashariki hujikita katika mambo manne: muda wa mafunzo, posho, msimamizi, na kitabu cha kumbukumbu ambacho mwanafunzi hukijaza kila siku. Jambo la tano ni la kawaida mno kiasi kwamba halijadiliwi: mwanagenzi anaketi wapi? Makala haya yanafuatilia historia ya mpangilio wa ofisi kwa muda wa zaidi ya karne moja ili kuonyesha kwamba swali hilo si dogo. Mwanagenzi hujifunza yale anayoweza kuyaona, kuyasikia na kuyauliza bila kwanza kuomba miadi. Mambo hayo matatu hutegemea sana meza, kuta na milango, na huamuliwa kabla msimamizi hajatoa somo lolote.

Neno mwanagenzi linatumiwa hapa kwa mapana. Nchini Tanzania hutofautishwa uanagenzi na utarajali. Nchini Kenya vyombo vya habari humwita mwanagenzi hata mwalimu aliyehitimu ambaye bado hajaajiriwa kwa masharti ya kudumu. Wote hao wanaunganishwa na hali moja: wamo kazini, lakini kazi bado si yao.

Kutoka chumba cha makarani hadi ukumbi wa wapiga chapa

Katika ofisi za biashara za Uingereza na Marekani za karne ya 19, kijana aliyeanza kazi kwa kawaida aliketi chumba kimoja na makarani wazoefu, na katika biashara ndogo aliketi karibu na mwenye mali mwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kunakili barua na hesabu kwa mkono. Kazi hiyo ilichosha, lakini ilifundisha. Kila barua aliyoinakili ilimwonyesha jinsi bei inavyojadiliwa, deni linavyodaiwa na mteja mwenye hasira anavyotulizwa. Asipoelewa, aliyeiandika alikuwa hatua chache tu kutoka mezani pake.

Taipureta ya Remington, iliyoingia sokoni mwaka 1874, pamoja na karatasi za kaboni, zilivunja uhusiano huo hatua kwa hatua. Kunakili kulihamishiwa kwa wapiga chapa, wengi wao wanawake, ambao katika kampuni kubwa waliwekwa ukumbini peke yao. Waliandika maneno ya maamuzi, lakini hawakuwapo yalipofikiwa. Njia iliyomwezesha karani mdogo kupanda hadi ngazi ya usimamizi haikuwapo kwa wafanyakazi hao.

Mwaka 1906 kampuni ya Larkin, iliyouza sabuni kwa njia ya posta mjini Buffalo, Marekani, ilihamia jengo jipya lililosanifiwa na Frank Lloyd Wright. Katikati yake palikuwa na ukumbi mrefu uliopata mwanga kutoka juu, na wakuu wa kampuni waliketi humo, sakafuni chini, mahali pa wazi. Hata hivyo, kuonekana si sawa na kufikika. Miaka mitano baadaye Frederick Taylor alichapisha kitabu chake kuhusu usimamizi wa kisayansi, na mwaka 1917 W. H. Leffingwell akaupeleka mtazamo huo ofisini. Kazi iligawanywa vipande vidogo, meza zikapangwa kwa safu ili karatasi zisafiri mwendo mfupi, na mazungumzo kati ya makarani yakahesabiwa kuwa upotevu wa muda. Ofisi ilikuwa wazi, lakini uwazi wake ulimhudumia msimamizi aliyetaka kuona, si mwanagenzi aliyetaka kuuliza.

Mandhari ya ofisi na vizimba

Jaribio la kugeuza hali hiyo lilitoka Ujerumani Magharibi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ndugu wawili, Eberhard na Wolfgang Schnelle, wakiwa Quickborn karibu na Hamburg, walianza kupanga ofisi kwa kuchunguza kwanza nani huwasiliana na nani, kisha kuweka meza kufuatana na mawasiliano hayo. Safu zilivunjwa, mimea ikawekwa kati ya makundi, na wakuu nao wakatolewa vyumbani. Mtindo huo ulienea Ulaya kwa haraka, lakini wafanyakazi wengi walilalamikia kelele na kukosa faragha. Katika miaka ya 1970, sheria za ushirikishwaji wa wafanyakazi katika Ujerumani Magharibi na nchi za Skandinavia ziliwapa sauti zaidi, na vyumba vya mtu mmoja mmoja vikarudi.

Nchini Marekani, Robert Propst wa kampuni ya Herman Miller alibuni samani za ofisi zilizotolewa mwaka 1964, na toleo la pili mwaka 1968. Kusudi lake lilikuwa kumpa kila mfanyakazi uhuru wa kubadili eneo lake kulingana na kazi aliyonayo. Kampuni ziliona humo njia ya kuwapanga watu wengi katika eneo dogo, na matokeo yake yakawa vizimba: mtu haoni jirani yake, lakini anasikia simu zake zote. Kwa mwanagenzi, huo ulikuwa mpangilio mbaya kwa pande zote mbili. Hakuweza kutazama kazi ikifanywa, na swali lake lilisikiwa na kila mtu.

Umbali, uwazi na nafasi ya kutazama

Tafiti za baadaye zilipima yale ambayo wabunifu walikuwa wakiyakisia. Thomas Allen wa MIT, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu wahandisi na wanasayansi, alionyesha kwamba uwezekano wa watu wawili kuwasiliana hushuka kwa kasi kadiri meza zao zinavyoachana, na baada ya takribani mita 30 huwa mdogo sana. Kwa upande mwingine, Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa makao makuu ya kampuni mbili zilizoondoa kuta. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takribani asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Matokeo haya mawili hayapingani. Ukaribu husaidia mazungumzo. Kutazamwa na watu wote huyazuia.

Kwa anayejifunza, ushahidi ulio wazi zaidi unatoka nje ya ofisi. Mwaka 1972 Hannah Meara Marshall alichapisha utafiti kuhusu wanagenzi wa kazi ya uchinjaji na ukataji wa nyama nchini Marekani. Katika duka moja, mashine ya kufungia nyama ambayo wanagenzi waliiendesha iliwekwa mahali ambapo hawakuweza kuwaona mabingwa wakikata. Walikuwa ndani ya jengo moja na ufundi waliokuja kuutafuta, lakini hawakuuona. Jean Lave na Etienne Wenger waliurejea mfano huo katika kitabu chao cha mwaka 1991, wakiulinganisha na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola wa Liberia. Kule mwanagenzi huanza na kazi za kumalizia, kama kutia vifungo na kupinda mapindo, akiwa kando ya fundi anayekata kitambaa. Kazi yake ni ndogo, lakini anaiona kazi nzima. Wale wa duka la nyama nao walikuwa na kazi ndogo. Kilichowatofautisha ni mahali waliposimama.

Urithi wa boma na masijala

Ofisi za umma za Afrika Mashariki hazikupitia hatua zote hizo. Zilirithi boma la kikoloni, ambalo mpangilio wake ulieleza mamlaka: afisa katika chumba chake, karani katika chumba cha jirani, tarishi mlangoni, na wananchi barazani wakisubiri kuitwa. Karani Mwafrika aliyaandika na kuyatunza majalada, lakini kwa muda mrefu wa ukoloni hakutarajiwa kukalia kiti cha afisa. Uhuru ulipokaribia, haja ya kuandaa maofisa wazalendo kwa haraka ilitimizwa kwa kiasi kikubwa na vyuo: Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, na chuo cha utawala cha Kabete, Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1961. Wenye viti walibadilika na mitaala ikabadilika. Ushoroba wenye milango iliyofungwa, na chumba cha katibu muhtasi mbele ya kila mkuu, ulibaki.

Ndani ya mpangilio huo mwanagenzi wa leo mara nyingi huwekwa masijala au mapokezi. Masijala si mahali pabaya kwa asili yake. Kama karani wa karne ya 19, anayelisoma jalada hukutana na maamuzi yote. Lakini dokezo huhifadhi uamuzi, si ubishi uliouzaa. Sababu hutolewa kwa mdomo, mlangoni au mezani. Hapa suala la lugha linaongeza uzito: katika ofisi nyingi za kanda hii nyaraka rasmi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, ilhali maelezo ya kwa nini jambo limeamuliwa hivyo hutolewa kwa Kiswahili au lugha nyingine ya Kiafrika. Aliyewekwa mbali na mazungumzo anabakiwa na maandishi yaliyo katika lugha ambayo pengine haimtoshi kuuliza, na anakosa ufafanuzi uliotolewa katika lugha anayoimudu.

Hitimisho

Historia hii haitupi mpangilio mmoja ulio bora. Larkin na Leffingwell waliondoa kuta bila kuongeza kujifunza. Quickborn ilikaribisha mawasiliano na kuleta kelele. Vizimba vilileta upweke bila faragha. Funzo lake ni kwamba kuondoa kuta si sera ya mafunzo, na kujenga ofisi mpya si sharti la mafunzo bora. Lililo muhimu ni mwanagenzi kuwa karibu na mtu mmoja au wawili wanaofanya kazi anayopaswa kuijua, aione ikifanywa, na aweze kuuliza bila kusikilizwa na ukumbi mzima.

Kwa watunga sera, hatua zinazofuata hazina gharama kubwa. Miongozo ya mafunzo kazini itaje mahali pa kuketi pamoja na jina la msimamizi. Fomu ya mhadhiri anayemtembelea mwanafunzi iulize meza yake iko wapi, anaona kazi gani akiwa hapo, na ni vikao gani ameruhusiwa kuhudhuria kama msikilizaji. Muda wa masijala uwe na kikomo, na uambatane na saa za kukaa na afisa anayeandika madokezo. Usiri wa baadhi ya majalada ni sababu halali ya kumtoa mwanagenzi chumbani kwa saa moja. Si sababu ya kumweka ushorobani kwa miezi mitatu. Bila hatua hizo, tutaendelea kupokea vitabu vya kumbukumbu vilivyojazwa kikamilifu na vijana ambao hawakuwahi kuiona kazi ikifanywa.