Harusi ya Waturkana: Kila mgeni ana mahali pake

KATIKA harusi ya kitamaduni ya Waturkana, mgeni hajichagulii mahali pa kuketi. Huonyeshwa mahali hapo kwa kuzingatia umri wake, kundi alilozaliwa na uhusiano wake na familia mbili zinazooana. Kwa wafugaji wa Kaikor na maeneo mengine ya kaskazini mwa Kaunti ya Turkana, utaratibu huo si pambo la sherehe. Wanaoketi ndio mashahidi wa ndoa.

Harusi hiyo huitwa akuuta. Hufanyika nyumbani kwa kina bi harusi baada ya pande mbili kuafikiana kuhusu mahari, na kilele chake ni kuchinjwa kwa ng'ombe dume anayetolewa na upande wa bwana harusi.

Mahari huwa ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo na punda. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake The Family Herds cha mwaka 1955, alieleza kuwa mwoaji hakusanyi mifugo hiyo peke yake. Huchangiwa na baba, ndugu, wajomba na marafiki, na ikishapokewa hugawiwa jamaa wa bi harusi. Kwa hivyo, wengi wa wanaohudhuria ama wametoa mnyama ama wanatarajia kupata.

Mpangilio wa kuketi

Wanaume huketi kwa umbo la nusu duara, katika baraza la kulia nyama liitwalo akiriket. Wazee hupewa nafasi ya heshima na vijana hufuata kwa ukubwa wa rika. Wanawake na watoto huwa na sehemu yao.

Isitoshe, kila mwanamume ni wa kundi la Ngimoru, yaani mawe, au Ngirisae, yaani chui. Mwana huingia kundi lisilo la baba yake, na hivyo huwa pamoja na babu yake. Kwa kuwa makundi haya huketi na kula kando, baba na mwanawe hawali pamoja katika baraza hilo.

Adabu za mgeni

Mgeni asiyejua desturi hiyo hupaswa kusubiri aonyeshwe pa kukaa. Asikalie ekicholong ya mzee bila idhini. Hicho ni kigoda ambacho mwenyewe hutembea nacho na hukitumia pia kama mto wa kulalia.

Nyama nayo hugawanywa kwa heshima ya umri, kwa hivyo kujichotea kabla ya wazee ni utovu wa adabu. Mkono mtupu haulambwi: tumbaku ni zawadi inayopokewa vyema na wazee. Mzee anapotoa baraka, waliohudhuria humwitikia kwa pamoja, na mazungumzo ya kando hukoma. Anayetaka kupiga picha aombe ruhusa kwanza.

Harusi za mjini

Lodwar na Kakuma, ambako harusi nyingine hufanyika kanisani na wageni kukaribishwa hemani, viti vya plastiki na meza kuu vinaweza kuvuruga mpango huo. Kamati ya harusi inaweza kuepusha lawama kwa kuwauliza wazee wa pande zote mbili mapema ni nani aketi wapi, kuwatengea viti vya mbele, na kuwaeleza wapishi nani aanze kuandaliwa.

Uzito wa jambo hili huonekana baadaye. Kimila, mahari na akuuta ndivyo vinavyomwingiza mke na watoto katika ukoo wa mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za kimila kwa waliotimiza umri wa miaka 18, na inasema kuwa pale mahari inapohitajika, hata sehemu yake ndogo yatosha kuthibitisha ndoa. Wanandoa nao hutakiwa kumjulisha msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya taratibu za kimila kukamilika.

Ukizuka mzozo kuhusu watoto, urithi au mifugo iliyosalia, watakaoulizwa kwanza ni wale walioketi wakala nyama ya ng'ombe yule.