Radio Salus na Deni la Chuo Kikuu cha Butare

Historia ya redio nchini Rwanda mara nyingi husimuliwa kwa kuanzia RTLM, kituo kilichoanza matangazo Julai 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Insha hii inaangalia kituo kingine, Radio Salus, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Shule ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, mjini Butare, kwa msaada wa UNESCO. Hoja yangu ni kwamba Salus haieleweki vizuri bila RTLM, kwa sababu historia za vituo hivyo viwili zinakutana katika chuo kimoja.

Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1963. Kaulimbiu yake ya Kilatini ilikuwa Illuminatio et Salus Populi, yaani mwanga na wokovu wa watu. Hapo ndipo alipofundisha Ferdinand Nahimana, mwanahistoria mwenye shahada ya uzamivu kutoka Paris, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha; mwaka 2007 rufaa ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu hadi miaka 30. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba chuki ile ilitokana na ujinga. Msomi alishiriki kuijengea mnara. Na ilipofika Aprili 1994, wanafunzi na wahadhiri wa Butare walikuwa miongoni mwa waliouawa.

Chuo kilifunguliwa tena mwaka 1995, na shule ya uandishi wa habari ikaanzishwa mwaka 1996. Redio ilichelewa zaidi. Sheria ya mwaka 2002 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali, na vya kwanza vilisikika mwaka 2004. Mwaka uliofuata Salus ikaingia hewani, ikibeba neno lililotoka katika kaulimbiu ya chuo.

Wapo wanaoweza kuuliza: katika nchi iliyoumizwa na redio, kwa nini kipaza sauti kikabidhiwe vijana ambao hawajahitimu? Swali hili ni la haki, lakini linasahau kwamba waliosimamia RTLM hawakuwa wanagenzi. Elimu na umri havikuwazuia. Kinachoweza kumzuia mtangazaji ni mazoea: kuhakikisha habari kabla ya kuitoa, kusikiliza upande wa pili, kurekebisha kosa hadharani. Mazoea hayo hayapatikani kwa kunakili notisi. Mwanafunzi akikosea katika mtihani hupoteza alama zake mwenyewe. Akikosea hewani, anayeumia ni mtu mwingine, na huenda ni jirani wa chuo atakayekutana naye sokoni kesho yake.

Salus ilipata wasikilizaji mbali na Butare, na baadhi ya watangazaji wanaojulikana nchini walianzia hapo. Hata hivyo, sifa hizo si kipimo chake kikuu. Kipimo chake ni iwapo kila kundi jipya la wanafunzi linaloingia studio linajua chuo chao kiliwahi kumlea nani. Wakilisahau hilo, jina Salus litabaki kuwa neno la Kilatini tu.