Ligi zilizokufa ndizo zilijenga NFL

Wasee, kila Februari mnakesha mkiangalia Super Bowl, Jumatatu mnafika job macho mekundu, halafu mnaniambia NFL ilijijenga yenyewe. Zii. Hiyo ligi imejengwa na wapinzani iliowazika.

Ilianza 1920 kwenye duka la kuuza magari pale Canton, Ohio. Jina NFL lilikuja 1922. Mwanzoni kulikuwa na wachezaji weusi wachache, lakini kutoka 1934 hadi 1945 hakucheza hata mmoja. Hakukuwa na sheria imeandikwa mahali. Mlango ulifungwa tu, kimya.

Ulifunguliwa 1946, na si kwa roho safi. Rams walikuwa wamehamia Los Angeles na wakataka kutumia uwanja wa umma. Waandishi weusi wa huko wakauliza: timu ya wazungu watupu itachezaje kwa pesa zetu za kodi? Rams wakamsajili Kenny Washington, kisha Woody Strode. Mwaka huohuo ligi mpya, AAFC, ikaingia sokoni, na timu yake ya Cleveland Browns ikawachukua Marion Motley na Bill Willis. Browns walibeba mataji yote manne ya hiyo ligi. Ilipokufa, NFL ikachukua timu tatu, na mechi yao ya kwanza huko, 1950, Browns wakawachapa mabingwa watetezi Eagles 35-10.

Lakini ligi ninayoipenda mimi ni AFL. Lamar Hunt, kijana wa tajiri wa mafuta kule Texas, alitaka timu NFL, akanyimwa. Basi 1960 akaanzisha ligi yake na timu 8. Pesa za televisheni waligawana sawa. Majina ya wachezaji mgongoni? Ni wao. Na walienda kutafuta vipaji kwenye vyuo vya weusi ambavyo wengine walivipita tu: 1963 chaguo la kwanza kabisa lilikuwa Buck Buchanan wa Grambling.

Januari 1965 mastaa wa AFL walifika New Orleans kwa mechi yao ya nyota. Teksi zikakataa kubeba weusi, vilabu vikawafungia mlango. Wachezaji weusi wakakaa chini wakaamua: hatuchezi hapa. Mechi ikahamishiwa Houston. Hii story haijulikani vile inafaa, na kwangu ni kubwa kuliko Super Bowl nyingi.

Mwaka huohuo Jets wakamlipa Joe Namath, kijana ametoka tu chuo, dola 427,000. Ligi mbili zikigombania mchezaji mmoja, bei yake inapanda. Wenye timu waliona hiyo hesabu vizuri sana, ndiyo maana 1966 wakakubaliana kuungana, na usajili wa vijana ukawa mmoja. Ushindani wa kununua ukaisha hapo. Namath na Jets walikuja kuwapiga Colts 16-7 Januari 1969, dunia ikashangaa, lakini wachezaji tayari walikuwa wamerudi kwa mnunuzi mmoja.

Halafu kuna USFL. Ilianza 1983, ikicheza msimu wa majira ya kuchipua ili isigongane na NFL. Wazo poa. Ikamvuta Herschel Walker, kisha Steve Young, Jim Kelly na Reggie White. Lakini mmoja wa wenye timu, Donald Trump (ndiyo, huyohuyo), akasukuma ligi ihamie majira ya vuli, ipambane na NFL uso kwa uso. Naona alichotaka ni kuingia NFL kupitia dirisha. Wakaishtaki NFL wakidai inabana soko. Julai 1986 jopo la mahakama likasema ni kweli, NFL imevunja sheria. Fidia? Dola 1.

Sheria ilisema fidia ya aina hiyo inazidishwa mara tatu, kwa hivyo ikawa dola 3. USFL haikucheza tena. Young, Kelly na White wakaenda NFL, na wote watatu leo wako kwenye Ukumbi wa Mashujaa, pale pale Canton. Hundi ililipwa 1990. Na riba yake, ilifika dola 3.76.