Mitumba

Mitumba ni nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa, hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambavyo hufungwa katika marobota na kuuzwa upya Afrika. Jina hilo limetokana na mtumba, yaani furushi la bidhaa. Biashara hii ni mfano ulio wazi wa utandawazi, maana yake kufungamana kwa masoko ya nchi mbalimbali kiasi kwamba nguo iliyoachwa na mtu wa mbali humpatia riziki mchuuzi wa Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam. Familia zenye kipato kidogo hupata mavazi imara kwa bei nafuu, na wachukuzi, mafundi cherehani na wapiga pasi hupata kazi, jambo ambalo wakosoaji wa mitumba hulipuuza mno. Hata hivyo, masoko yalipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, viwanda vya nguo vya Afrika Mashariki vilidhoofika, ingawa uchakavu wa mitambo na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia navyo vilichangia, na nguo zisizouzika huishia jalalani. Ili kulinda viwanda vyake, mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Kwa sababu ya hatua hiyo, mwaka 2018 Marekani ikasitisha nafuu iliyoziwezesha nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani kuhusu biashara na Afrika, ilhali Kenya, Tanzania na Uganda, zilizokuwa zimekubaliana na Rwanda kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, zilirudi nyuma.