Bamba la Hatari

Bamba la hatari ni kipande cha bati chenye rangi ya machungwa, kitiwacho mbele na nyuma ya gari la tangi ili kumbainishia kila mpita njia shehena iliyomo na madhara yake. Wako waliolifasiri kuwa alama ya tahadhari. Lakini hatari ni sifa ya shehena yenyewe, ilhali tahadhari ni wajibu wa mtu aliye karibu nayo, na maadamu bamba hueleza kilichomo, jina la bamba la hatari ndilo sadifu.

Kwa utaratibu uliotokana na mapatano ya Geneva ya mwaka 1957, bamba hili hubeba namba mbili. Ya juu hueleza jinsi ya hatari: 3 ni kimiminika kiwakacho, 6 ni sumu, 8 ni kitu kibabuacho mfano wa asidi, na tarakimu ikikaririwa hatari imezidi, ndiyo sababu petroli ni 33 na dizeli, isiyo nyepesi kushika moto, ni 30. Herufi X ikitangulia, maji yamekatazwa. Namba ya chini, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa, hutaja bidhaa: 1203 petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa.

Tabora, kiungo cha njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, ilipitisha shehena za hatari tangu karne ya 19, wapagazi walipochukua vipipa vya baruti pamoja na nguo na shanga, kirangozi akitangulia na bendera. Bendera ile ilitangaza msafara ni wa nani, wala haikusema mizigoni mna nini. Na kutojua hatari ya kilichomo ndiko kuuako hata leo malori ya mafuta yaelekeapo Kigoma. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuteka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Kwani mvuke wa petroli, ulio mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na cheche.

Kwa hiyo istilahi hii ifundishwe katika skuli za Tabora, Urambo na Nzega, ili kila aonaye 33 katika gari lililoanguka aliache debe lake nyumbani, azime jiko na sigara, asimame mbali upande utokako upepo, na apigapo simu 114 kuwaita zimamoto, awasomee namba zote mbili.