Si Kibahari, ni Kioshaniki

Kamati moja ya istilahi, ambayo kwa heshima sitaitaja, imeamua kwamba tawi la mashariki la lugha za Kiaustronesia liitwe "lugha za Kibahari". Barua yangu ya kupinga haijajibiwa, basi nawaeleza wasomaji.

Tuanze na mzizi. Jina Austronesia alilitunga Padre Wilhelm Schmidt kwa kuunga auster ya Kilatini, yaani upepo wa kusi, na nesos ya Kiyunani, yaani kisiwa. Jina la tawi lenyewe, Kioshaniki, lina asili kongwe zaidi: Okeanos, ule mto ambao Wayunani waliamini umeizunguka dunia nzima. "Bahari" yetu ni ya Kiarabu, na ni maji ya chumvi popote yalipo. Wamalagasi nao walivuka bahari, na ndugu wa karibu wa lugha yao ni Kimaanyan cha Kalimantan, lakini tawi hili si lao. Kwa jina la kamati, msomaji wa Mombasa atadhani Kibushi cha Mayotte, ambacho ni Kimalagasi, nacho kimo. Hakimo!

Wengine, wanaojiona wajuzi zaidi, wanapendekeza "lugha za Oshania". Hilo ni jina la eneo. Papua New Guinea imo Oshania, na mamia ya lugha zake si za Kiaustronesia kabisa. Kichamoro cha Guam na Kipalau ni za Kiaustronesia, zimo Oshania, na bado haziingii katika tawi. Zinazoingia ni kama Kimotu, Kitolai, Kifiji, Kisamoa, Kimaori na Kirapanui. Otto Dempwolff, daktari aliyeandika pia kitabu kuhusu Wasandawe wa Tanzania mwaka 1916, alilitambua kundi hili kwa mabadiliko ya sauti ambayo lugha zake zimerithi pamoja. Hakutazama ramani.

Ndiyo maana nashikilia Kioshaniki. Kiambishi -iki si kigeni kwetu: Olimpia ni mahali, Olimpiki ni michezo, wala hakuna Mswahili anayevichanganya. Oshania iwe mahali, Kioshaniki kiwe ukoo. Katika matumizi tuseme "lugha za Kioshaniki", na lugha mzazi iwe Kioshaniki Mame, kama tusemavyo Bantu Mame.

Naiomba kamati ilifute neno Kibahari kabla kamusi yake haijapelekwa mtamboni.